Tulinde madaraja, lakini tumjue mharibifu ni nani

Machi 2020 mvua kubwa ilikata daraja la Kiyegeya, mkoani Morogoro, kwenye barabara kuu inayounganisha Dodoma na Dar es Salaam. Magari yalisimama pande zote mbili. Mama yangu mdogo, ambaye hununua zabibu kwa wakulima wa Mpunguzi na Hombolo na kuzipeleka Dar es Salaam, alikuwa na kreti zake ndani ya lori mojawapo lililokwama. Alilala njiani usiku wa kwanza na wa pili. Siku ya tatu zabibu zilipoanza kuvuja maji, dereva aligeuza ili akapitie Mtera na Iringa. Zilizofika sokoni zilikuwa za kuuza kwa bei ya kutupa.

Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni kilomita zipatazo 260. Ukizungukia Iringa unakaribia kilomita 570. Chukulia mfano wa Fuso iliyobeba magunia 100 ya mahindi kutoka soko la Kibaigwa. Ikiwa mzunguko huo utaongeza Sh300,000 kwenye nauli, kila gunia limeongezewa Sh3,000. Mfanyabiashara hatazitoa fedha hizo mfukoni mwake. Atazikata kwenye bei anayomlipa mkulima, au ataziongeza kwenye bei anayomuuzia mlaji. Mkulima mwenye magunia 20 anaweza kupoteza Sh60,000, fedha ambayo ingemsaidia kununua mbegu bora kwa msimu unaofuata.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu wengi wetu tunadhani daraja ni mali ya Serikali. Ukweli ni kwamba daraja ni sehemu ya bei ya mazao yetu. Likivunjika, anayelipa kwanza ni mkulima.

Kiyegeya ilikatwa na maji, wala si mkono wa mtu. Lakini yapo madaraja na makalavati yanayodhoofishwa na watu kidogo kidogo. Kingo za chuma zinang'olewa, alama za barabarani zinabebwa, nati za reli zinafunguliwa, mchanga unachimbwa hadi kwenye miguu ya nguzo. Treni za abiria za reli ya kisasa zilianza kufika Dodoma Julai 2024, na mwaka huo huo tukaanza kusikia habari za wizi wa nyaya kwenye reli hiyo. Kila tukio kama hilo linapotangazwa, kauli inayofuata ni moja: sheria ikazwe, wanaoingia maeneo hayo wafungwe.

Je, sheria hazipo? Zipo, tena si chache. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 299 inataja kosa la kuingia kwa jinai katika mali ya mtu mwingine. Kifungu cha 326 kinahusu kuharibu mali kwa makusudi. Ipo Sheria ya Maeneo Yanayolindwa ya mwaka 1969, ipo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na ipo Sheria ya Reli ya mwaka 2017. Juu ya hizo kuna Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo tangu mabadiliko ya mwaka 2016 inatoa kifungo cha miaka 20 hadi 30 kwa anayetiwa hatiani. Sioni ni nati gani ya daraja isiyolindwa na orodha hiyo.

Kwa mtazamo wangu, tatizo letu si upungufu wa adhabu. Tatizo ni kwamba sheria hizi zinawaangukia zaidi watu ambao ni rahisi kukamatwa, na hao si lazima wawe ndio wanaotuletea hasara. Nieleze kwa kuwagawa wanaoonekana kwenye maeneo hayo katika makundi matatu.

Wa kwanza ni mpita njia. Huyu ni mama mwenye jembe begani ambaye nyumba yake iko upande huu wa reli na shamba liko upande wa pili. Ni kijana anayepeleka ng'ombe kunywa maji korongoni. Njia anayopita aliitumia babu yake. Reli ya kisasa imewekewa uzio, na ni sawa kabisa, kwa sababu treni zinakwenda kasi na nyaya za juu zinabeba umeme wa volti 25,000. Lakini pale kivuko kilipo mbali, mtu atatafuta upenyo, na ng'ombe watamfuata.

Tukumbuke kwamba kosa la kuingia kwa jinai katika kifungu cha 299 linahitaji nia mbaya: nia ya kutenda kosa, ya kutisha, ya kutukana au ya kuudhi. Mama anayekwenda kupalilia mtama hana nia hiyo. Anaweza kuwa amevunja masharti ya usalama wa reli, na hilo lazima aambiwe, kwani ni uhai wake. Lakini kumweka kapu moja na mwizi wa nyaya ni kuipotezea sheria heshima yake mbele ya kijiji kizima. Na kijiji kikiona sheria ni adui, usiku mwizi akipita hakuna atakayepiga yowe.

Kundi la pili ni la wanaong'oa vyuma. Hapa sina huruma, ila nataka tuangalie biashara yenyewe. Hakuna mtu anayepika kingo za daraja akala. Anazing'oa kwa sababu kuna mahali pa kuziuza kabla hakujapambazuka. Sisi tuliosoma uchumi tunajua kwamba wizi wa aina hii unaongozwa na mnunuzi. Kijana mwenye spana analipwa kwa kilo. Mwenye mizani ndiye anayebaki na faida. Ukimfunga kijana mmoja, mwenye mizani atapata mwingine kesho, kwa sababu vijana wasio na kazi hawajaisha.

Kupokea mali ya wizi ni kosa ndani ya Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu. Alama ya barabarani haifanani na sufuria iliyotoboka. Kipande cha reli hakifanani na jembe lililochakaa. Anayekipima kwenye mizani anajua anachopima. Hivyo basi, nguvu inayotumika kumkimbiza kijana porini ingeelekezwa nusu yake tu kwenye maghala ya vyuma chakavu mijini, madaraja mengi yangepona.

Kundi la tatu ni la wachimba mchanga, na kwa hapa Dodoma nadhani tumelifumbia macho. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mji umejengwa kwa kasi. Nyumba zinataka mchanga, na mchanga mzuri uko kwenye makorongo yetu ambayo kwa miezi mingi ya mwaka ni makavu. Lori huteremka kirahisi zaidi pale barabara inapokutana na korongo, yaani pale pale penye daraja. Wanachimba kiangazi, hakuna anayeona hatari. Masika yanapoingia, maji yanashuka kwa nguvu, yanakuta kitako cha korongo kimeshuka na msingi wa nguzo uko wazi. Daraja likienda tunalaumu mvua.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Lakini lori la mchanga linapita mchana kweupe, wakati mwingine limekatiwa na stakabadhi ya ushuru. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wetu unakata upande mmoja: upande wa mwenda kwa miguu.

Najua wapo watakaosema kwamba ukimbagua huyu na yule, kila anayekamatwa atajifanya mpita njia, hivyo ni afadhali kila aliyekutwa eneo la reli au chini ya daraja ashitakiwe. Hoja hiyo ina uzito, maana mlinzi aliye peke yake usiku hawezi kusoma nia ya mtu. Lakini jibu lake si kufunga kila mtu. Jibu ni kuweka vivuko vya kutosha na kuvitangaza. Palipo na kivuko karibu, anayepenya kwenye uzio hana tena kisingizio, na mlinzi anajua anashughulika na nani.

Na sisi wakulima tusijitakase. Reli ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani miaka zaidi ya 100 iliyopita, inapita bonde la mto Kinyasungwe kupitia Gulwe hadi Kilosa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata kipande hicho, na safari za treni kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi kadhaa. Maji yale hayakuja matupu. Yalikuja na udongo na mchanga kutoka milima na mashamba ya juu. Tunapolima hadi mdomoni mwa korongo, tunapokata miti ya mkaa kwenye miteremko ya Mpwapwa na Kongwa, tunatuma mchanga ukavunje reli ambayo baadaye tunailalamikia kwamba haibebi mazao yetu. Kwa hili hakuna askari atakayetusaidia.

Liko pia suala la hifadhi ya barabara. Sheria ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyeifuata barabara na kujenga banda la nyanya juu ya mfereji wake hana la kujitetea, kwa sababu mfereji ukiziba maji yanakula lami. Lakini aliyekuwa halali nje ya mita 22.5 kabla ya sheria hiyo, huyo barabara ndiyo iliyomfuata, na hapaswi kuitwa mvamizi. Mipaka hiyo ioneshwe kwa nguzo zinazoonekana, isiwe siri ya ofisini.

Nini kifanyike? Kwanza, wenye reli na barabara wakae na halmashauri za vijiji, wapitie njia za mifugo na za mashamba, wakubaliane vivuko viwe wapi. Pili, kila mnunuzi wa vyuma chakavu aandike ameuziwa nini na nani, na daftari hilo likaguliwe. Tatu, halmashauri zitenge maeneo ya kuchimba mchanga mbali na madaraja, vijana wasikose riziki, na lori litakalokutwa likipakia chini ya daraja lishitakiwe mwenye lori, asitolewe kafara mbeba sepetu. Nne, sehemu ya ushuru wa mchanga irudi kwenye kijiji chenye daraja, ili kijiji kiwe na sababu ya kulilinda.

Kwako mkulima mwenzangu, ukiona lori limeteremka korongoni usiku chini ya daraja lenu, usiseme ni mali ya Serikali. Mpigie simu mtendaji wa kijiji. Pale linapakia gunia lako.

Mama mdogo bado anafanya biashara ya zabibu. Siku hizi, kila masika yanapoanza, hamuulizi dereva bei ya zabibu imefika ngapi Dar es Salaam. Anauliza kwanza kama njia inapitika.