Zulia la Kiajemi Katika Nyumba ya Dodoma

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuutekeleza uamuzi wa 1973 wa kuhamia Dodoma, watumishi wengi wamepata nyumba huko, Iyumbu na Nzuguni zikiwamo. Sasa watafuta cha kutandika sebuleni. Mfanyakazi ana haki ya kupenda kitu kizuri. Lakini kukopa kwa ajili ya jina tupu ni kasumba.

Zulia la kale la Uajemi lilifumwa kwa mkono, fundo baada ya fundo, na kubwa liliweza kuchukua miaka. Ufundi huo wa Kashan na Fars ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2010. Basi anayeuziwa "la Kiajemi" na aligeuze kwanza: nakshi ionekane wazi mgongoni, na matamvua yawe ncha za nyuzi zile zile zilizobeba mafundo. Yakiwa yameshonewa tu pembeni, mara nyingi hilo ni la mashine, hata muuzaji aape.

Hata likiwa la kweli, vumbi la kiangazi cha Dodoma haliheshimu bei. Mchanga huzama hadi kwenye mafundo, na kila anayepita huzidi kuisaga sufu. Mwalimu anayekatwa mkopo kila mwezi na autazame pia mkeka wa ukindu: nao ni kazi ya mkono, na hukung'utwa uani kwa dakika moja.