Ratiba yako ni picha tu

Haya jamani, leo mniwie radhi, nitasema kwa ukali kidogo. Nimechoka na ratiba za rangi.

Mnazijua. Mtu anafungua Excel, anaandika majina ya kazi upande wa kushoto, wiki juu, kisha anapaka seli rangi: buluu ya uchambuzi, kijani ya kuandika programu, nyekundu ya majaribio. Inapendeza kweli. Inaambatanishwa na kandarasi, inapigwa muhuri, inabandikwa ukutani. Wiki ya pili kazi moja inachelewa, na hapo unagundua kwamba karatasi ile haijui lolote. Haijui ni kazi zipi zitasukumwa, haijui ni zipi hazitaguswa. Kila kitu kimekaa palepale kilipopakwa. Hiyo si ratiba. Ni picha ya matumaini ya bosi.

Dai langu ni hili: tarehe si kitu cha kuandika, tarehe ni jibu. Wewe andika mambo matatu tu. Kazi gani zipo, kila moja inachukua siku ngapi, na ipi inangoja ipi. Tarehe acha programu ikupe. Ukianza na tarehe umeanza na jibu, halafu unatafuta hesabu ya kulisingizia.

Wala si uvumbuzi wa jana. Henry Gantt wa Marekani ndiye aliyeieneza michoro ya mistari katika miaka ya 1910, ndiyo maana tunaiita chati za Gantt. Michoro ile ya mwanzo haikuonyesha kazi ipi inategemea ipi. Pengo hilo lilizibwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pale Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walipotumia kompyuta kutafuta njia ndefu kuliko zote ndani ya mradi. Mwaka 1958 jeshi la wanamaji la Marekani nalo likaja na PERT kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Zaidi ya miaka 60 imepita! Anayepaka seli rangi leo amerudi kwa Gantt, na Gantt alikuwa na udhuru: hakuwa na kompyuta mezani.

Tuache historia, tupige hesabu. Tuseme mnatengenezea SACCO mfumo mpya wa akaunti za wanachama. Kazi ni hizi, kwa siku za kazi:

A. Kukusanya mahitaji: siku 5
B. Kubuni hifadhidata: siku 4, inangoja A
C. Kuandika programu: siku 15, inangoja B
D. Kusafisha rekodi za wanachama kutoka vitabu vya zamani: siku 12, inangoja A
E. Kuhamisha rekodi: siku 3, inangoja C na D
F. Majaribio: siku 5, inangoja E
G. Mafunzo kwa makarani: siku 3, inangoja F
H. Kuomba namba ya kupokea malipo kwa simu: siku 10, inangoja A
I. Uzinduzi: siku 1, inangoja G na H

Jumlisha zote unapata siku 58. Lakini mradi hauchukui siku 58, kwa sababu baadhi ya kazi zinakwenda sambamba. Njia ndefu ni A, B, C, E, F, G, I, na jumla yake ni siku 36. Siku moja ikipotea kwenye njia hiyo, uzinduzi unasogea siku moja. Hakuna pa kujificha.

Kazi D iko nje ya njia hiyo. Inaisha siku ya 17 na E haiwezi kuanza kabla ya siku ya 24 kwisha, kwa hivyo D ina nafasi ya siku 7. H ina nafasi ya siku 20. Sasa vitabu vya zamani vikigeuka kuwa na mwandiko usiosomeka na D ikachukua siku 21, nafasi imekwisha na imepitilizwa kwa siku 2: mradi mzima unakuwa siku 38, na njia ndefu sasa inapitia D. Mpaka hapo, kumfokea anayeandika programu hakusaidii kitu. Rangi kwenye Excel ingekuambia hayo?

Na huu ndio utamu wenyewe. Bosi anasema, "Ongeza watu, kazi C ifanywe kwa siku 5 badala ya 15." Tuseme inawezekana, ingawa mara nyingi haiwezekani. Amelipia siku 10. Mradi unapungua kwa siku 7 tu, kutoka 36 hadi 29, kwa sababu D bado inaisha siku ya 17. Siku 3 amezinunua bure. Programu yoyote yenye viungo kati ya kazi ingemwonyesha hilo kabla hajatoa pesa.

Sasa kuna wale wanaosema, "Mimi natumia Microsoft Project, hayo hayanihusu." Yanakuhusu, ndugu yangu. Tangu toleo la 2010, kazi mpya unayoandika huwekwa katika hali ya kupangwa kwa mkono, mpaka wewe mwenyewe ubadilishe. Yaani umenunua mashine ya hesabu ukaitumia kama karatasi. Na hata ukiwa katika hali ya kujipanga yenyewe, ukichapa tarehe ya kuanza kwa kazi, programu huweka sharti kimyakimya: kazi hii isianze kabla ya tarehe hii. Fanya hivyo mara 20 na umefunga ratiba yako kwa kufuli 20 usizozikumbuka. Kazi tangulizi ikiisha mapema, kazi iliyofungwa inabaki imelala ikisubiri tarehe yako.

Kosa la pili ni la wale wanaounganisha kila kitu kwa mnyororo mmoja. Kazi 2 inangoja 1, 3 inangoja 2, hadi 40. Huko si kufikiri, ni kuburuta kipanya. Mpishi wa ugali anajua kwamba unga unangoja maji yachemke, lakini sukuma wiki haingoji, inakatwa maji yakiwa jikoni. Jiulize kwa kila kiungo: ni kitu gani hasa kinachongojwa? Malipo ya simu ni mfano mzuri. Daraja ya Safaricom ina mazingira ya majaribio, kwa hivyo kuandika sehemu ya malipo hakungoji namba halisi. Uzinduzi ndio unaoingoja. Ukiunganisha vibaya hapo, umewakalisha watu siku 10 bila sababu.

Tena viungo haviko vya aina moja. Kuna cha kawaida, hii iishe ndipo ile ianze. Kuna cha kuanza pamoja: mwongozo wa mtumiaji unaweza kuanza siku 5 baada ya uandishi wa programu kuanza, si baada ya kuisha. Kuna cha kuisha pamoja. Programu nyingi za kupanga miradi zinavikubali, pamoja na siku za kungoja katikati.

Najua mtakayoniambia. "Sisi tunafanya Scrum, hatuna haja ya ratiba." Sawa, lakini namba ya malipo haitatoka mapema kwa sababu mnasimama kila asubuhi dakika 15. Kinachongoja kinangoja, hata ukikiandika kwenye karatasi ya manjano. "Mambo hubadilika, kwa nini nijisumbue?" Yanabadilika, na ndiyo sababu hasa ya kuweka viungo: badilisha namba moja, nyingine zijipange. "Programu hizo ni ghali." GanttProject ni ya bure tangu 2003, ProjectLibre tangu 2012. Kama ni kazi ya watu wawili kwa wiki moja, nakubali, karatasi yatosha. Chora visanduku na mishale.

Kwa nini nakasirika hivi kwa jambo la mistari? Kwa sababu kuna anayelipa. Tarehe ya mwisho ikiandikwa kwanza, na kazi C ikachelewa, uzinduzi hausogei. Kinachofinywa ni majaribio. Siku 5 zinakuwa siku 1, usiku, mikononi mwa kijana mgeni kazini, ambaye ndiye atakayelaumiwa. Na katika SACCO yetu ya mfano, jaribio lililorukwa ni salio la mwanachama aliyeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka mingi, linalotokea kwenye skrini likiwa na sifuri moja pungufu. Ratiba ya uongo haimdanganyi bosi peke yake.

Basi fanyeni jaribio hili leo. Fungua ratiba ya mradi wako. Chagua kazi moja ya mwanzoni, iongezee siku 10, kisha tazama. Kama kazi zinazofuata zimesogea, heko, una ratiba. Kama hazikusogea, uliza kwa nini, na ratiba ikujibu: nafasi ilikuwepo siku ngapi, na sasa zimebaki ngapi. Ikikaa kimya, ondoa ile karatasi ukutani. Mahali pake weka kalenda, angalau hiyo inataja sikukuu.

Wenye kupinga, uwanja ni wenu. Ila mje na viungo, si rangi.