Nani Anayedai Majuto? Rafiki na Uhakiki wa Funzo

Kaunti ya Machakos, chini ya gavana wake wa kwanza, Alfred Mutua (2013–2022), ilianzisha mradi wa Machawood ili kukuza filamu. Hata hivyo, filamu haikui kwa kamera pekee. Huhitaji mhakiki anayejua kuisoma. Uhaba wa mhakiki huyo ulidhihirika nchini mwaka 2018, ilipopigwa marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes.

Kena na Ziki wanasubiri matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, na baba zao ni mahasimu wa kisiasa. Hapo ndipo penzi lao la kwanza linapochipuka. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ya filamu ilitaka mwisho ubadilishwe ili uonyeshe majuto. Dai hili ni la ajabu. Wasichana hao wanapigwa na umati; Kena anaombewa kana kwamba amepagawa; Ziki anapelekwa London. Adhabu imejaa tele. Kisichokuwepo ni toba; badala yake, mwishoni, mkono unamgusa Kena begani. Basi kilichoogopwa ni tumaini.

Je, bodi ilijifunza wapi kanuni hii ya kisanaa? Idara za fasihi haziwezi kujitoa lawamani. Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) imesomwa mara nyingi kama onyo kwa wasichana, ilhali mwandishi anamweka mbele yetu Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Mhakiki anayehesabu makosa ya Rosa na kusahau fimbo ya Zakaria ndiye mwalimu wa mdhibiti.

Itajibiwa kwamba suala hili ni la sheria. Naam, Mahakama Kuu iliruhusu filamu ionyeshwe kwa siku 7 Septemba 2018, kisha ikaidhinisha marufuku Aprili 2020. Lakini mhakiki si karani wa mahakama. Awe anaipenda Rafiki au anaichukia, wajibu wake ni kuonyesha jinsi mwisho unavyotokana na msuko. Mwanafunzi wa fasihi, Machakos na kwingineko, aulizwe hilo kwanza. Akianza kwa kuuliza msichana ameadhibiwa vipi, hajahakiki; amehukumu.