MAMBO YA NYUMBANI: JOTO LIPOTEALO NJIANI

Kule Minnesota, Marekani, wako wenye mashamba wawashao kuni katika tanuri lililo nje. Tanuri hutia maji joto, nayo hupita bombani chini ya ardhi hata nyumbani, kisha hurudi. Lakini pengine mzigo mzima wa kuni huteketea, na watoto wangali wakitetemeka.

Mwenye nyumba asilaumu tanuri upesi. Na apime joto la maji yatokapo tanurini, na tena yaingiapo nyumbani. Bomba jema hupoteza digrii moja au mbili tu. Likipoteza nyingi, atazame theluji: ikiyeyuka kwa mstari juu ya njia ya bomba, joto laingia ardhini. Mara nyingi maji yamepenya katika vazi la bomba. Maana maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kupita hewa iliyotulia.

Hapo kuongeza kuni si dawa. Yafaa kufukua, kuweka bomba lenye vazi lisilonyonya maji, na kuchimba mfereji wa kuyaondoa. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na huyu atachoma msitu.