Miaka ya Jasho Isipotelee Mpakani

Wapo vijana wa Muheza wanaovuka Horohoro kwenda kutafuta kazi Kenya. NSSF yetu humtaka mwanachama atimize miezi 180 ya michango ndipo apate pensheni ya uzee. Aliyechangia miaka 10 hapa na 6 kule ametoa jasho la miaka 16. Isipojumlishwa, huku atahesabiwa kuwa amepungukiwa. Waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981 waitaja pensheni kuwa haki ya mfanyakazi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, nayo yamtambulia mfanyakazi mgeni haki ya hifadhi ya jamii. Tunazitaka serikali zetu zihakikishe kila mchango unahesabiwa. Nanyi vijana, kabla ya kuondoka, ulizeni namna ya kuchangia kwa hiari, mkazitunze kumbukumbu zenu.