Prompti Yako Ni Mkakasi Tu

Wasee, tuambiane ukweli. Kila wiki kuna msee anaposti skrinishoti ya terminali yake: rangi saba, alama ya tawi la Git, saa, asilimia ya betri, hadi emoji ya roketi. Watu wanamwaga moto. Muulize sasa jana alifanya kazi gani kwa hiyo terminali. Kimya. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sina shida na mapambo. Tunaishi mji ambao matatu haitoki gereji bila grafiti. Lakini hata matatu kali kushinda zote lazima ifike Rongai. Shida ni kwamba tumefanya prompti ikuwe ndio ujuzi wenyewe.

Prompti ni nini basi? Kwa Bash, sheli ya Brian Fox iliyotoka 1989, ni maandishi yanayokaa kwa kigeu kinaitwa PS1. Andika hivi:

PS1='[\j] \u@\h:\w\$ '

Umemaliza. \u ni jina lako, \h ni mashine, \w ni folda uliyomo, na \$ inageuka # ukiwa root. Hii ndio kazi ya prompti: kukuambia uko wapi, usije ukafuta vitu vya seva ya mteja ukidhani uko kwa laptopu yako. Na \j? Hiyo inahesabu kazi ambazo sheli yako inaendesha kwa nyuma. Kwa wengi wenu hiyo namba itakaa sifuri milele, na hapo ndipo ugomvi wangu unaanzia.

Chukua msee wa podikasti mwenye rekodi 120 za WAV anazotaka ziwe MP3. Anaandika lupu ya kawaida, faili moja baada ya nyingine. Kila moja ikichukua sekunde 20, hizo ni dakika 40. Na laptopu yake ina kori nne! Ni kama supamaketi yenye kaunta nne, moja inahudumia foleni yote, na makeshia watatu wamekaa tu wanakuangalia. Halafu anasema mashine ni slow, anataka kununua ingine.

Weka & mwisho wa amri ndani ya lupu, kila kazi inaenda nyuma. Weka wait baada ya done, sheli inasubiri zote ziishe. Lakini usirushe zote 120 mara moja, utaisonga mashine. Wape zamu:

printf '%s\0' *.wav | xargs -0 -n1 -P4 lame --quiet

-P4 inamaanisha kazi nne kwa wakati mmoja. Moja ikiisha, nyingine inaingia. Hujui uweke ngapi? Andika nproc, itakuambia. Zile dakika 40 zinaweza kushuka karibu na 10, bila kuongeza hata shilingi.

Si dawa ya kila kitu. Kama hatua ya pili inangoja matokeo ya ya kwanza, foleni ni lazima. Kama unadownload na intaneti yako ndio imebana, kori nne hazitapanua bomba. Lakini hayo utayajua ukishaanza kufanya kazi. Kuchagua rangi hakutakufunza.

Najua mtaniambia: "Acha watu wafurahie, mapambo ndio huvuta wageni." Sawa, yavute. Lakini tukishawavuta tunawapa nini? Rangi zingine? Mtoto wa Kayole mwenye laptopu ya mtumba anaona hizo skrinishoti na anaamini shida yake ni kukosa mashine ya maana. Huo ni uongo, na ni sisi tunaomuuzia.

Mimi niliacha chuo. Sina karatasi ya kupeperusha, na hakuna mteja amewahi kuniuliza prompti yangu ina rangi gani. Wanauliza faili ziko wapi. Dakika 30 nikiokoa ni kazi nyingine naingiza, ama nimemaliza kabla stima ipotee.

Kwa hivyo kabla uposti skrinishoti ingine, fungua terminali uandike man bash. Ukiwa kwa Linux, mara nyingi iko tayari ndani ya mashine. Haili bando, haiulizi digrii. Soma, kisha utuonyeshe hiyo namba ya \j ikipanda. Hiyo ndio skrinishoti nitalike.