Vueni Namba Mkononi mwa Mtoto

"Mbili, moja, nne!" Kocha anapaza sauti kutoka benchi. Mdakaji, binti wa miaka 12 aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinga ya chuma usoni, anainamia kadi iliyofungwa mkononi mwake. Mrushaji naye anasoma ya kwake. Kwa namba hizo, kadi inasema mrusho wa polepole. Hakuna hata mmoja aliyemtazama mpigaji.

Mimi nilikuwa nyuma ya wavu, nikamtazama. Alikuwa mpigaji wa mkono wa kulia, na mara mbili mfululizo mpira wa kasi ulimshinda: gongo liligusa tu, mpira ukatoka nje upande wa besi ya kwanza. Hapo ndipo mpira wa mtu aliyechelewa huendea. Aliyechelewa haongezewi muda! Wao wakamwongezea. Mpira ukaja taratibu, gongo likaupata barabara, wakimbiaji wawili wakafika besi ya nyumbani na kupata pointi. Na aliyekemewa ni nani? Mdakaji.

Mchezo huo ni softboli, na hapa Marekani wasichana wengi huuanza wangali wadogo. Mdakaji peke yake ndiye anayeutazama uwanja wote kwa mbele. Yuko karibu na mpigaji kiasi cha kumsikia akihema. Anaona miguu iliyosogezwa mbele ili kuuwahi mpira unaozama kabla haujazama. Anajua, kwa jinsi mpira unavyotua kwenye glavu yake, kama mkono wa mrushaji umeanza kuchoka. Kocha aliye benchi ataona yapi katika hayo? Halafu macho hayo tunayapeleka kwenye kadi ya namba. Huo ni uonevu, nami sitauita mafunzo.

Nasikia utetezi: watoto watakosea, mechi zitapotea. Ndiyo, watakosea. Kwani kocha aliyeita 214 hakukosea? Tofauti ni kwamba mtoto akichagua mwenyewe, kosa humfunza. Akichaguliwa, humbakizia kilio tu. Hata ligi kuu ya besiboli, iliporuhusu kifaa cha kielektroniki cha ishara mwaka 2022, vitufe ilimkabidhi mdakaji. Kocha haruhusiwi kuvibonyeza akiwa benchi. Watu wazima wanaolipwa mamilioni wanaaminiwa. Binti wa miaka 12, anayecheza ili ajifunze, anyimwe?

Na kumfundisha si kazi ngumu. Mpe mirusho miwili tu, wa kasi na wa polepole, na pande mbili, ndani na nje. Timu yenu ikiwa kwenye zamu ya kupiga, kaa naye, muulize: yule mpigaji wao wa tatu alisimama wapi? Aliporushiwa mpira wa nje, bega lake lilifanya nini? Mwache ajibu kwa maneno yake, hata akikwama. Usimpokonye jibu. Mfunze pia kwamba mrushaji akitikisa kichwa kukataa, si ukaidi. Huenda mrusho huo leo haumkubali, na wawili hao lazima waelewane. Baada ya wiki chache utamsikia akikuambia jambo ambalo wewe hukuliona.

Makocha wenzangu wa mabinti hawa, tusijifiche nyuma ya vikombe vya plastiki vya mashindano ya Jumamosi. Mechi ijayo wavueni kadi hizo, ziacheni mfukoni mpaka mwamuzi atangaze mwisho, na mtoto atoe ishara kwa vidole vyake mwenyewe.